Ugonjwa Uliofunga Hospitali

Tarehe 13 Julai 1955 watumishi wawili wa Hospitali ya Royal Free, iliyokuwa Gray's Inn Road katikati ya London, walilazwa katika hospitali hiyo hiyo waliyokuwa wakiifanyia kazi. Mmoja alikuwa daktari kijana aliyeishi hospitalini, mwingine sista wa wodi. Koo liliwauma, kichwa kiliwagonga, mwili ukawa mzito. Hapakuwa na la kushangaza. Anayeshinda na wagonjwa huugua naye mara moja moja.

Lakini kufikia tarehe 25 Julai watumishi waliougua walikuwa wamepita 70, na uongozi ukaona hakuna njia ila kufunga milango. Royal Free haikupokea wagonjwa tena hadi tarehe 5 Oktoba. Mlipuko ulipokwisha mwezi Novemba, watumishi 292 walikuwa wameugua, na 255 kati yao walikuwa wamelazwa. Wagonjwa waliokuwa wodini tangu awali, ambao mtu angedhani ndio wangeangamia kwanza, ni 12 tu walioupata.

Ugonjwa ulianza kama mafua, ukatulia kidogo, kisha ukarudi na sura nyingine. Mtu aliona kizunguzungu. Shingo, mgongo na miguu vikauma. Wengine waliona vitu viwili viwili, wengine upande mmoja wa uso ulilegea, wengine waliingiwa na ganzi na misuli yao ikawa inacheza yenyewe chini ya ngozi. Tezi za shingo zilivimba. Homa ilikuwa ndogo. Baadhi walilia bila kujua wanalilia nini, na usiku wakaota ndoto za kutisha. Madaktari waliyaandika haya yote kwenye mafaili, na mafaili hayo tutayakuta tena.

Mwaka ule, mguu uliolegea ghafla London ulimaanisha polio. Chanjo ya Jonas Salk ilikuwa imetangazwa Aprili tu, na wazazi Ulaya na Marekani walikuwa bado wanawakataza watoto mabwawa ya kuogelea kila kiangazi. Basi polio ndiyo iliyotafutwa kwanza, na haikupatikana. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa safi kwa wengi. Misuli haikusinyaa kama inavyosinyaa kwa polio. Hakuna aliyekufa. Kila kirusi kilichoweza kutafutwa kwa maarifa ya siku zile kilitafutwa, na mikono ikarudi mitupu.

Waliosoma majarida walijua kwamba London haikuwa ya kwanza. Mwaka 1934 Hospitali Kuu ya Kaunti ya Los Angeles iliona watumishi wake 198 wakiugua maradhi yaliyofanana na polio bila kuwa polio. Majira ya baridi ya 1948 kuamkia 1949, mji mdogo wa Akureyri kaskazini mwa Iceland ulipatwa na mlipuko wenye dalili hizo hizo, na mamia ya watu wakaugua katika mji ambao wakazi wake hawakufika 8,000. Na mapema mwaka ule ule wa 1955, manesi wa Hospitali ya Addington, Durban, Afrika Kusini, walianguka mmoja baada ya mwingine. Ukisoma taarifa za miji hii, iliyo mbalimbali kiasi hicho, utaona kama zimenakiliwa: mwanzo kama mafua, kisha misuli na neva, kisha miezi na miaka ya udhaifu usioeleweka.

Kati ya waliousoma mlipuko wa London kwa makini alikuwamo Melvin Ramsay, daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza wa Royal Free. Wodi zake hazikuwa Gray's Inn Road bali Lawn Road, Hampstead, upande wa kaskazini wa jiji, na kwa sababu hiyo aliona jambo ambalo wenzake hawakuwa na nafasi ya kuliona. Tangu majira ya kuchipua, kabla sista yule hajalazwa, Ramsay alikwisha kupokea watu wenye dalili zile zile kutoka mitaani, watu wasiojuana na wasiokuwa na uhusiano wowote na Royal Free. Ugonjwa ulikuwa mjini tayari. Hospitali ilikuwa pale tu ulipokusanyika hadi ukaonekana.

Aliwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka. Alichokigundua hakikuhitaji mashine, kilihitaji subira: misuli ya mgonjwa, ikishafanya kazi ndogo tu, haikurudiwa na nguvu yake baada ya kupumzika dakika chache kama ya mtu mwingine. Ilichukua siku 3, siku 5, wakati mwingine zaidi. Waliopumzishwa mapema, alisema, ndio waliokuwa na matumaini zaidi. Waliojikaza ndio walioishia vitandani.

Mwaka 1956 jarida la Lancet lilichapa tahariri isiyo na jina la mwandishi, ambayo baadaye ilijulikana ni ya Donald Acheson, kijana aliyekuja kuwa mganga mkuu wa serikali ya Uingereza miaka ya themanini. Tahariri hiyo ndiyo iliyoupa ugonjwa jina la mialjiki ensefalomielaitisi, ambalo watu walilifupisha kuwa ME. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani likauweka kwenye orodha yake ya magonjwa, katika sura ya mfumo wa neva. Mtu angedhani kesi imekwisha.

Januari 1970 jarida la BMJ lilitoa makala mbili za madaktari wa magonjwa ya akili, McEvedy na Beard. Walikuwa wameyachukua yale mafaili ya 1955 wakayasoma upya. Hawakumwita hata mmoja wa wagonjwa wenyewe kumhoji wala kumpima, ingawa wengi walikuwa hai, na baadhi walikuwa hawajapona. Uamuzi wao ulikuwa kwamba Royal Free haikupatwa na kirusi chochote, ilipatwa na histeria ya kundi. Waligusia homa iliyokuwa ndogo kuliko malalamiko, ganzi isiyofuata njia za neva zinazojulikana, na idadi ya wanawake, ambayo ilikuwa kubwa mno ikilinganishwa na ya wanaume.

Haifai kuwadharau kirahisi. Hofu ya kundi ipo, na msomaji wa Afrika Mashariki anaijua. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, shule ikafungwa Machi, na kicheko kikafuata wasichana hadi vijijini kwao. Madaktari waliokwenda kuchunguza hawakukuta sumu wala kirusi. McEvedy mwenyewe alikwisha kuandika juu ya shule ya wasichana kaskazini mwa Uingereza ambako wanafunzi walikuwa wakizimia kwa makundi. Alikuwa anajua alichokuwa akikitafuta.

Ila tazama tofauti. Kashasha mtu alicheka kwa saa chache, au siku, aliyezidi sana siku 16, kisha akawa mzima hadi shambulio jingine, na mwisho wote wakapona. Watu wa Royal Free walivimba tezi, walilegea uso, na baadhi yao waliingia miaka ya sabini wakiwa bado hawawezi kumaliza zamu moja ya kazi. Histeria ya namna gani hiyo? Na idadi ya wanawake: Royal Free ndiyo hospitali iliyowafungulia wanawake wodi zake wajifunze udaktari tangu 1877, na hadi 1947 chuo chake kilichukua wanawake watupu. Kweli, hata ukipiga hesabu kwa uwiano, wanawake waliugua zaidi. Lakini ndivyo ilivyo kwa lupasi na magonjwa mengi ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, na hakuna anayemwambia mgonjwa wa lupasi kwamba amejitia. Wahenga walisema kitanda usichokilala hujui kunguni wake. Hapa waliotoa hukumu hawakukikaribia kitanda chenyewe, walisoma kadi iliyoning'inizwa miguuni pake.

Makala zile zilikuwa fupi, zimeandikwa vizuri, na zilimpa daktari mwenye foleni ndefu mlangoni jibu ambalo halikumgharimu kitu. Ramsay na wenzake walijibu kwenye kurasa za majarida, wakataja wale wagonjwa wa mitaani wa kabla ya Julai, wakaandaa kongamano London mwaka 1978. Wagonjwa wenyewe waliunda chama chao mwaka 1976. Hayo yote hayakulifuta neno histeria, lililokwisha kuingia kwenye vitabu vya kufundishia. Ramsay alikufa 1990 akiwa bado analipinga.

Marekani hadithi ilianza upya, kana kwamba hakuna aliyewahi kuisikia. Mwaka 1984 na 1985, Incline Village, mji wa mapumziko kando ya Ziwa Tahoe, jimbo la Nevada, madaktari wawili, Paul Cheney na Daniel Peterson, walianza kupokea wagonjwa waliokuwa wazima wa afya, wapanda milima, wachezaji, walimu, ambao walipata mafua wasiyopona. Katika shule moja ya eneo hilo waliougua walikuwa walimu waliotumia chumba kimoja. Kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilituma wachunguzi wawili mwaka 1985. Walikwenda wakitafuta kirusi cha Epstein-Barr, hawakuridhika kwamba ndicho chanzo, wakarudi makao makuu yao Atlanta. Magazeti nayo yaliubatiza ugonjwa huo mafua ya vijana wenye pesa.

Mwaka 1988 kamati iliyoongozwa na CDC iliupa jina rasmi jipya, ugonjwa wa uchovu sugu. Ni jina lililochaguliwa kwa tahadhari ili lisidai kujua lisichokijua, na kwa maoni yangu limewadhuru wagonjwa kuliko makala za 1970. Nani asiyechoka? Ukimwambia jirani unaumwa uchovu, atakujibu kwamba naye kachoka. Bunge la Marekani lilitenga fedha za utafiti, na mwaka 1999 mkaguzi wa serikali alikuta kwamba CDC ilikuwa imepeleka dola milioni 8.8 za fedha hizo kwenye kazi nyingine, na kwamba matumizi ya dola milioni 4.1 zaidi hayakuwa na maelezo ya kutosha.

Huo uchovu wenyewe ni nini hasa? Wagonjwa wameueleza kwa miaka 70 kwa maneno yanayofanana, na wanasema uchovu wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni adhabu inayokuja baadaye. Mtu anafua nguo tatu leo, anajisikia si haba. Kesho au keshokutwa anaamka kana kwamba amepigwa: koo linauma, viungo vinawaka, mwanga unachoma macho, sentensi aliyoianza inampotea katikati. Hali hiyo inakaa siku, wiki, na wakati mwingine mtu harudi alipokuwa. Kuporomoka huku baada ya kujibidiisha ndiyo alama ya ugonjwa. Ndiyo ile ile aliyoiandika Ramsay.

Imepimwa, tena kwa njia rahisi. Watafiti wa California waliwapandisha wagonjwa kwenye baiskeli ya maabara, wakapima hewa wanayovuta na kutoa hadi mwisho wa nguvu zao, wakawaita tena baada ya saa 24 kurudia. Mtu mzima, hata yule asiyefanya mazoezi kabisa, siku ya pili hupata matokeo karibu sawa na ya kwanza. Wagonjwa wa ME siku ya kwanza waliweza kuonekana kama watu wavivu tu. Siku ya pili nguvu zao zilishuka. Anayepimwa mara moja, kama inavyofanyika karibu kila hospitali, haonekani kuwa na kitu.

Hapo ndipo ninapokumbuka mabenchi ya zahanati zetu. Mtu akija na uchovu hupimwa malaria, taifodi, damu, sukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, na ni haki apimwe, kwa sababu hayo yapo na mengi yanatibika. Shida inaanza majibu yote yanaporudi safi. Watafiti waliohesabu wagonjwa wa uchovu sugu nchini Nigeria, katika kazi iliyotolewa 2007, waliwapata, tena si wachache kuliko Marekani. Kwa hiyo atakayesema huu ni ugonjwa wa wazungu waliokosa kazi atafute hoja nyingine.

Uingereza, wazo la 1970 lilivaa nguo mpya. Halikusema tena histeria. Lilisema hivi: huenda kirusi kilikuwapo, lakini kimekwisha kuondoka, na kinachomfunga mgonjwa sasa ni misuli iliyolegea kwa kulala na hofu ya kujongea. Dawa yake basi ni tiba ya mazungumzo ya kuirekebisha hofu hiyo, na mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo kila wiki, hata mgonjwa akilalamika. Mwaka 2007 NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba ya Uingereza, ilizipendekeza tiba zote mbili.

Ili kuthibitisha, lilifanywa jaribio kubwa lililoitwa PACE. Lilikuwa na wagonjwa 641 na liligharimu takriban pauni milioni 5, na sehemu ya fedha hizo zilitoka kwenye wizara ya kazi na pensheni, ambayo ndiyo inayoamua nani alipwe posho ya ulemavu na nani arudi kazini. Matokeo yalitoka kwenye Lancet Februari 2011: mazungumzo na mazoezi yanasaidia. Mwaka 2013 watafiti hao hao waliandika kwamba 22% ya waliopata tiba hizo walipona kabisa.

Waliokwenda kuyakagua matokeo hayo kwanza walikuwa wagonjwa, wakiwa vitandani, kwa nusu saa ya akili timamu kwa siku. Walichokikuta ni hiki. Mgonjwa alijaza fomu ya maswali kuhusu anachoweza kufanya, kupanda ngazi, kubeba mzigo, kutembea, na majibu yakageuzwa alama kutoka 0 hadi 100. Ili ahesabiwe mgonjwa na kuingia kwenye jaribio, ilibidi awe na alama 65 au pungufu. Mpango wa awali ulisema aliyepona awe na alama 85 au zaidi. Baadaye, kabla ya kuandika juu ya kupona, watafiti walikishusha kipimo hicho hadi 60. Sasa fuata hesabu: mtu anaingia na 65, anatibiwa mwaka mzima, anazorota hadi 60, na kwa kipimo hicho amepona. Kiasi cha 13% ya washiriki walikuwa wamekivuka kipimo cha kupona siku walipopita mlangoni.

Kulikuwa na kipimo kingine ambacho hakikutegemea maneno ya mtu: kutembea kwa dakika 6. Waliopewa mazoezi walianza na wastani wa mita 312 na kumaliza mwaka kwa mita 379. Mtu mzima mwenye afya hupita mita 500 au 600 huku akipiga soga.

Oktoba 2015 David Tuller, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha uchambuzi mrefu wa kasoro hizo, na wanasayansi waliokuwa wamenyamaza wakaanza kuuliza. Mgonjwa mmoja wa Australia alikuwa tayari ameomba takwimu zenyewe kwa sheria ya haki ya kupata habari. Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kilikataa, kikatumia zaidi ya pauni 200,000 kwa mawakili, na Agosti 2016 baraza la rufaa likaamua takwimu zitolewe. Zilipopigiwa hesabu upya kwa kipimo kile cha awali, waliopona kwa mazungumzo walikuwa 7%, kwa mazoezi 4%, na wale ambao hawakupewa chochote ila huduma ya kawaida 3%. Tofauti hiyo ni ndogo mno, huwezi kuitenga na bahati. Watafiti wa PACE wanaitetea kazi yao mpaka leo, na Lancet haijaifuta makala ile.

Nisije nikaonekana nasema kosa lilikuwa upande mmoja. Oktoba 2009 jarida la Science lilichapa habari kwamba kirusi kiitwacho XMRV kimekutwa katika damu ya theluthi mbili ya wagonjwa waliopimwa na taasisi moja ya Nevada. Wagonjwa walilia kwa furaha, na wengine walikimbilia dawa za kufubaza VVU. Kirusi hicho kilikuwa uchafu wa maabara. Makala iliondolewa Desemba 2011, na mwaka uliofuata utafiti ulioongozwa na Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia ulifunga mjadala. Wagonjwa waliokuwa wameshangilia wakaambiwa, kwa mara nyingine, warudi walikotoka.

Mwanamke mmoja aliamua kuonyesha huko wanakoambiwa warudi kukoje. Jennifer Brea alikuwa akisomea shahada ya uzamivu Harvard alipopata homa iliyopita nyuzi 40, mwaka 2011. Baada ya mwaka na ushee wa madaktari, bingwa wa neva alimwambia kwamba dalili zake zinatokana na kiwewe ambacho hata yeye hakikumbuki. Brea alitaka kumwamini. Akatoka kliniki akatembea kwa miguu hadi nyumbani, zaidi ya kilomita 3, ili ajithibitishie kwamba mwili hauna kitu. Jioni ile alianguka, akawa mtu wa kitandani. Baadaye alianza kujirekodi kwa simu, akaongoza filamu nzima akiwa amelala, akihoji wagonjwa wa nchi nyingine kupitia kompyuta. Filamu hiyo, Unrest, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance Januari 2017. Ndani yake yumo mumewe, Omar Wasow, mzaliwa wa Nairobi, ambaye kazi yake katika filamu ni ile wanayoifanya wauguzaji wote: kubeba, kupika, kubembeleza, na kuulizwa na watu kama mkewe hajitii tu.

Mwongozo wa Marekani ulikuwa umeanza kugeuka. Februari 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba huu ni ugonjwa wa mwili, mzito, wa mifumo mingi, na ikakadiria wagonjwa wa nchi hiyo kuwa kati ya 836,000 na milioni 2.5, wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Mwaka 2017 CDC iliondoa mazoezi ya kuongezwa kwenye ushauri wake. NICE nayo ilikaa kitako, ikapitia ushahidi wote, na rasimu ya Novemba 2020 ikaona ushahidi wa tiba zile mbili ni dhaifu au dhaifu sana. Mwongozo mpya ulikuwa utoke Agosti 2021. Siku moja kabla, ukasitishwa, baada ya vyama vya mabingwa kuupinga. Ukaitwa mkutano wa pande zote, na tarehe 29 Oktoba ukatoka.

Tangu hapo daktari wa Uingereza anaelekezwa hivi. Asisubiri nusu mwaka, baada ya miezi 3 ya uchovu unaolemaza, kuporomoka baada ya kujibidiisha, usingizi usioburudisha na akili kuwa na ukungu, anaweza kuutaja ugonjwa. Asimpangie mgonjwa mazoezi ya kuongezwa kila wiki. Mazungumzo na mshauri yawe ya kumsaidia kuishi na hali yake, yasiuzwe kama dawa. Dawa yenyewe haipo. Kilichopo ni kujipimia nguvu, na kwa anayekifanya ni kazi ya siku nzima: kuoga umekaa kwenye kiti cha plastiki, kumenya viazi ukiwa kitandani na kuacha nusu, kuvaa saa inayohesabu mapigo ya moyo na kulala chini inapolia, kukataa mgeni unayempenda kwa sababu kesho kuna miadi ya hospitali. Ikiwa moyo unakimbia mtu anaposimama, daktari anaweza kuupima, kuongeza chumvi na maji, kumpa soksi za kubana. Maumivu na usingizi vinatibiwa kila kimoja kwa dawa zake.

Hayo ni kwa anayeweza kukaa kwenye kiti. Takriban robo ya wagonjwa hawatoki nyumbani au hawatoki kitandani, na wachache hawawezi kuvumilia mwanga, sauti, wala chakula kooni. Oktoba 2021, mwezi ule ule mwongozo ulipotoka, mwanamke wa miaka 27 alikufa nyumbani kwao Exeter kwa utapiamlo uliosababishwa na ME. Alikuwa amelazwa mara tatu mwaka huo, na hospitali haikuweza kumlisha. Afisa wa uchunguzi wa vifo aliyechunguza kifo chake mwaka 2024 alitumia mamlaka yake kuiandikia serikali: katika England nzima hapakuwa na kitanda kimoja cha hospitali kilichotengwa kwa wagonjwa wa ME walio mahututi. Mpango wa serikali wa kushughulikia ugonjwa huu ulitoka Julai 2025, na vyama vya wagonjwa vililalamika siku ile ile kwamba kwa hao mahututi haukuwa na kitu.

Katikati ya yote hayo ilikuja korona. Mamilioni ya watu waliopona kirusi kipya walikuta hawajapona, na walipoeleza hali zao, wazee wa ME walitambua kila neno. Waliandika kwenye mitandao wakiwasihi wageni hao wasijikaze, wapumzike mapema. Madaktari nao waliugua wenyewe, au waliona manesi wao wakiugua, na hapo sauti zikabadilika.

Agosti 2025 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilitoa matokeo ya kwanza ya DecodeME, utafiti mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanywa wa chembe za urithi katika ugonjwa huu. Wagonjwa hawakutakiwa kwenda popote. Walitumiwa vichupa kwa posta, wakavitemea mate wakiwa kitandani, wakavirudisha. Mate ya wagonjwa 15,579 yalilinganishwa na chembe za urithi za watu wengine zaidi ya 250,000, na tofauti zikaonekana katika maeneo 8, baadhi yakiwa na uhusiano na kinga ya mwili na mengine na mfumo wa neva. Hakuna hata moja kati ya maeneo hayo linaloeleza kwa nini wanawake huugua zaidi, na swali hilo bado liko mezani tangu Royal Free. Hatua inayofuata, walisema watafiti, ni kusoma chembe zote za urithi za wagonjwa hao hao, na kazi hiyo inahitaji fedha.